Matanga ya Mashine Iliyo Hai

Sauti ninayoikumbuka ni ya feni, ile ndogo iliyofichwa mgongoni mwa kompyuta. Sisi wanafunzi tulipomaliza kazi tulibonyeza kitufe tukakimbia. Mama Directrice, mwalimu wetu, alifunga kazi moja baada ya nyingine, akasubiri kioo kiandike chenyewe kwamba sasa mashine inaweza kuzimwa, ndipo akaweka kidole. Feni ikateremsha pumzi yake, viiiuuu, polepole, kama mama anayetua mzigo baada ya kutoka Bengamisa kwa miguu. Ikagonga kitu ndani, tk, tk, kisha kimya. Naye akaiambia, "Asante. Pumzika."

Kila jioni, kwa kila mashine. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini Kisangani ya miaka ile kila kitu kilizimika kwa kofi: umeme wa bwawa uliondoka bila kuaga, ndege iliacha kuja bila kuaga, na watu pia. Labda ndiyo sababu sauti ile imebaki sikioni mwangu.

Mimi si mtu wa hasira. Nyumbani kwetu Mangobo waliniita Kicheko. Niliacha shule vita ilipofunga mto na meli zikakoma, na badala ya kulia nilianza kuota mchana: nitakuwa sekretari wa kampuni ya ndege, nitakuwa na viatu vya kisigino, nitaandika barua zinazoanza na "Bwana Mkurugenzi". Hata leo ninaota. Ila mwezi uliopita nilipanda toleka, ile baiskeli ya abiria, na mwendeshaji akaniambia huku anakanyaga pedali: "Pale ndipo alikaa yule mama ndoki, aliyeroga ba ordinateur za mji." Ndoki, yaani mchawi wa kompyuta! Nilimwambia asimame. Niliteremka katikati ya jua na kutembea njia iliyobaki. Basi nimekaa kuandika, maana asiyeandika anawaachia wenye baiskeli wasimulie.

Alizaliwa wapi, ukoo gani, sikuuliza. Vita ilitufundisha kutouliza. Nilimkuta tayari Directrice, katika chumba kimoja Makiso nyuma ya maduka ya jumla, na ubao mlangoni uliosema anafundisha taipu na kompyuta. Alikuwa mrefu, amevaa miwani iliyofungwa uzi, na kucha zake alizikata fupi kama za mkunga. Kabla ya somo alikagua za kwetu. "Wewe, petite, unataka kuandika au unataka kuparua?" Msichana mwenye kucha ndefu alirudishwa nyumbani, awe mtoto wa kamanda, awe wa mchungaji.

Hakumwazima mtu kalamu yake, hata ukiapa kuirudisha. Lakini nilimwona akivua viatu vyake miguuni na kumpa mwanafunzi aliyekuwa na mtihani wa kazi, kisha akafundisha pekupeku siku nzima, mkali kama kawaida. Alipenda nyama ya kuku kuliko nyama nyingine zote, na aliogopa kuku walio hai. Jogoo akiingia darasani alipanda juu ya kiti, Directrice mzima, akapiga kelele, "Mutoeni! Mutoeni!" Halafu akashuka, akarekebisha miwani, akaendelea na aya ileile.

Kompyuta hakuzipenda, jambo ambalo watu hawaamini. Alizipenda taipu za zamani. Aliwahi kuongoza chumba kizima cha wachapaji katika kampuni moja ya mtoni iliyokufa kabla ya vita. Alituambia jinsi chumba kile kilivyokufa. Mashine hazikuvunjika. Siku moja tu utepe wa wino haukuja, na waliouliza wakajibiwa kwamba kiwanda kimeacha kuutengeneza. Wachapaji walichovya tepe kuukuu katika mafuta ya mawese, wakapata mwaka mmoja. Kisha basi. "Chombo hakifi siku kinavunjika," alisema. "Kinakufa siku mwenye kukitengeneza anasahau jina lake."

Kwa hiyo habari ilipofika, yeye hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Habari yenyewe ni rahisi. Wafanyabiashara wa mtaa ule, wengi wao wa Butembo, walikuwa na kompyuta moja moja za kuhesabia bidhaa. Zote zilitumia systeme moja, yaani ule ufundi wa ndani unaoifanya kompyuta ijue kwamba ni kompyuta. Waliotunga systeme hiyo, mbali sana na sisi, walitangaza kwamba baada ya mwisho wa mwaka hawatairekebisha tena. Kosa likionekana, wadudu wa kompyuta wakiingia, shauri yako.

Hasira yangu ya kwanza ni kwa hao. Nani aliwaambia kwamba mwaka ule sisi tulikuwa na nafasi? Mto umefungwa, mji umegawanywa, majeshi mawili ya wageni yameshapigania mitaa yetu kama mbwa wanaogombea mfupa, na wao wanachagua tarehe kwenye kalenda yao, wanatuambia tununue nyingine, yamekwisha! Nilimwambia Mama Directrice hivyo, kwa kelele. Akanitazama juu ya miwani. "Umemaliza? Alors, tupange."

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshapata kazi, kwa mkono wake, katika dépôt, yaani ghala, ya dawa. Bosi wangu tulimwita Patron tu. Mtu mwema, Mkatoliki wa misa ya kwanza, mwenye kucheka kwa tumbo, na mgumu kama mzizi. Mama Directrice alikuja kumweleza. Nilikuwepo, nikipanga makatoni.

"Banaacha kututengenezea?" Patron akasema. "Hao ni banani? Mimi sijaona hata mumoja wao hapa. Mutu hajakuja kwangu, ataondoka kwangu namna gani?"

"Patron, wakati mashine yako ilikataa kusoma tarehe, disketi ya kuiponya ilitoka wapi? Ilianguka kutoka mbinguni?"

"Si wewe uliileta?"

"Niliipata kwa mwanafunzi wangu aliyekimbilia Nairobi. Yeye aliipata kwao. Ilipanda ndege na muuza maharagwe mpaka hapa. Mimi niko na ndoo tu, Patron. Sasa kule juu chemchemi inakauka."

"Bon," Patron akasema, "tutangojea mvua."

Dépôt nzima ikaangua kicheko. Hata mimi, Mungu anisamehe, mdomo ulicheza.

Mpango wake haukuwa na ajabu. Jua mashine yako inafanya kazi gani, na ipi kati ya hizo haiwezi kusimama. Kusanya marekebisho ya mwisho kabla chemchemi haijakauka. Kila wiki nakili kazi yote kwenye disketi na uivushe mto, ikakae Lubunga, kwa sababu bomu halipigi kingo mbili kwa pamoja. Tafuta mashine yenye systeme mpya mapema, uziache zote mbili zifanye kazi ileile bega kwa bega, kama mke mkubwa na mke mdogo, mpaka zipatane. Na katika muda wote huo, usiweke disketi ya mtaa katika mashine ya zamani.

Hiyo disketi ya mtaa niieleze. Orodha ya bei ilikuja na ndege kutoka Goma ndani ya disketi moja. Moja kwa mtaa mzima! Muuza misumari akiimaliza anampa muuza mafuta, naye anampa muuza vitenge, huyu anampa muuza dawa, kama kikombe cha kahawa kinachozunguka. Ndiyo undugu wa biashara; ukikataa unaonekana unaringa. Mama Directrice aliiita mswaki wa mtaa. "Mutapeana mswaki?" aliwauliza. "Hapana? Sasa kwa nini munapeana hii?"

Hawakumsikia. Aliita mkutano: hakuja mtu. Akaita tena, akaahidi mikate: wakaja watoto. Watu walewale waliokaa asubuhi nzima kwenye foni, ile redio ya mawimbi, wakipigia Butembo kelele kuhusu bei ya chumvi, hawakupata dakika ya kusikia habari ya mashine zilizobeba chumvi hiyo. Hapo ndipo alipopata wazo lile. Nami niliposikia, niliruka kwa furaha.

Kwetu mkutano unaweza kuukosa. Harusi unaweza kuikosa. Matanga hukosi. Hata adui yako akifiwa, unakuja, unakaa kwenye kiti, unanyamaza. Asiyekuja kwenye matanga ya mwenzake, ya kwake atakaa na mbuzi.

"Pita maduka yote," Mama Directrice akaniambia. "Sema: aliyewatumikia ninyi wote anatuacha. Matanga ni Jumamosi mchana, kwangu. Usiongeze neno, usiseme uongo."

Nikapita. "Ni nani, ma fille?" wakaniuliza. "Ni sentinelle, yule mlinzi? Ni yule mzee wa mizani?" Nikasema mtaona. Wakatikisa vichwa, wakafunga maduka.

Jumamosi wakajaa. Bache, lile turubai la msiba, lilikuwa limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, na mbele, juu ya meza, kitu kimefunikwa kitambaa cheupe. Wanaume walikuja na sukari na kahawa. Muuza misumari alibeba mwenyewe gunia la makala, yaani makaa, begani. Wakakaa. Mama Directrice akasimama, amevaa nyeusi, akafunua kitambaa.

Kompyuta. Inawaka, feni inaimba.

"Huyu," akasema, "amewahesabia mali yenu. Mwisho wa mwaka wazazi wake wanamkana. Ninyi munajua kupanga kifo cha baba: nani atachukua watoto, funguo ziko wapi, nani atajulishwa. Huyu mumemupangia nini?"

Watu wachache walicheka. Nilidhani wazo limefaulu, na bado nilikuwa natabasamu pale sauti ilipotoka safu ya nyuma. Ilikuwa ya mama muuza vitenge, mwanamke mnene, mpole, ambaye mtaa mzima ulinunua kwake kwa mkopo. Alikuwa amesimama, na mfuko wa sukari uko mkononi.

"Mama Directrice," akasema, "mimi nilimuzika mutoto yangu nyuma ya jikoni. Bila viti. Bila bache. Mabomu yalikuwa yanaanguka, tulichimba na sahani. Hakuna mutu alikuja, kwa sababu hakuna mutu aliweza kuja. Na leo wewe unakodisha viti juu ya chuma?"

Kila mtu pale alikuwa na wake aliyezikwa vile, katika shamba, uani, kando ya choo. Nilimtazama Mama Directrice. Miwani yake ilikuwa imeteleza, na hakuirekebisha.

Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Jina lake nani?"

"Trésor."

Mama Directrice akabeba kompyuta mwenyewe, nyaya zinaburuta, akaiweka chini ukutani. Akatandika upya kitambaa cheupe juu ya meza tupu. "Leo ni matanga ya Trésor," akasema. "Mama, njoo ukae mbele."

Tukaimba. Makala yakawashwa, kahawa ikachemka, na watu wakalia, waliomjua kijana yule na wasiomjua, mpaka jua likashuka. Habari ya systeme haikuguswa tena. Walipokwisha kwenda, Mama Directrice alizima mashine ile kwa utaratibu wake wote. Feni ikashuka, tk, tk. Nikangoja ile "asante". Haikuja.

Mwaka ukaisha. Tarehe ikafika, ikapita. Mashine ziliamka asubuhi kama kuku. Jamani, walivyocheka! Muuza misumari alimpigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara: "Mama Directrice, marehemu anakusalimia! Amekunywa chai!" Naye akajibu bila kusimama, "Mukaushe nyama siku ya jua," akapita.

Ugonjwa ulikuja na mvua, ndani ya mswaki. Disketi ya bei kutoka Goma ilikuwa na wadudu. Muuza misumari alikuwa wa kwanza: hesabu zake ziligeuka michoro kama nyayo za jogoo. Kabla hajaelewa, alikuwa ameshampa muuza mafuta. Dawa ya wadudu hao ilikuwepo, ilifika na ndege iliyofuata, lakini ilipowekwa, kioo kiliandika waziwazi kwamba haitambui systeme ya zamani kama hii. Maneno yaleyale aliyowaambia! Ungetegemea waseme, tulionywa. Sivyo?

Walisema aliziroga.

"Alizililia zingali hai," walisema. "Ukililia kitu hai, unaita kifo chake." Wazee wenye akili, wenye kusoma magazeti! Wazazi wakatoa mabinti zao darasani. Mtu akarusha jiwe, ubao wa mlangoni ukapasuka. Mwenye nyumba akamwambia atafute pengine, na alimwambia akiwa amesimama mbali, ili kivuli chake kisimguse. Hasira hiyo ndiyo kubwa, nami siipunguzi. Aliyeona moshi akapiga kelele, ndiye mliyemfunga kwa kuchoma nyumba. Waliotangaza tarehe, hakuna aliyewaita ndoki. Waliopeana mswaki, hakuna. Mwanamke mmoja mwenye miwani ya uzi, ndiyo, ana mabega ya kubebea.

Akavuka kwenda Lubunga, kwa dada yake, kwenye nyumba ileile ambamo nilikuwa nikiweka kila wiki disketi za nakala za dépôt.

Mimi niliendelea kuzipeleka. Hakuna aliyenituma na hakuna aliyenikataza. Kila Jumamosi nilipanda pirogue, ule mtumbwi, disketi zimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki juu ya kifua changu. Mlangoni alitoka dada yake, akapokea. "Yuko?" niliuliza. "Iko," alijibu, "lakini haitaki watu." Nilisikia kikohozi chake ndani. Nikasema kwa nguvu ili anisikie, "Nazima mashine kama ulivyonifundisha, Mama!" Hakutoka.

Mashine ya dépôt ya dawa ilikuwa imepona, kwa sababu disketi ya mtaa ilipofika nilisema sina nafasi. Nilisema hivyo kila mara, kwa tabasamu. Siku moja nikaenda kula kwanga na samaki. Niliporudi, Patron alikuwa ameketi kwenye kiti changu na mswaki uko ndani, unasaga. "Nilitaka tu kuona bei ya Goma," akasema. Kioo kilikuwa kimejaa nyayo za jogoo.

Sasa elewa kilichokuwa hatarini. Tulikuwa na sirop ya malaria ya watoto, makatoni mengi, ya mafungu mawili. Goma walitujulisha kwenye foni kwamba fungu moja limeharibika, wasipewe watoto. Nililiandika katika mashine, nambari yake na mahali pake, nikatia alama za chaki kwenye makatoni. Kisha paa likavuja, tukahamisha kila kitu kwa haraka, chaki ikafutika, mazuri na mabaya yakachanganyika. Aliyekuwa kwenye foni Goma hakuwepo tena. Foni ile ilikuwa imenyamaza. Nambari ilibaki ndani ya mashine tu. Na nesi wa Yahuma alikuwa amekaa mlangoni kwetu, pirogue yake inangoja, anataka sirop.

"Mutoe tu," mmoja wa wapagazi akasema, "yote ni tamu."

"Hakuna mutu atatoa!" Patron akapiga meza. Hapo nilimheshimu. Kisha akaongeza, "Ita pasta aombee mashine."

Nesi akasimama. "Papa, watoto wa Yahuma hawangoji pasta. Niko na wagonjwa wanalala chini. Niambie: kesho niko na dawa, ao niko na mikono mitupu?"

Nilikuwa nimeshatoka.

Lubunga nilimkuta uani, anapalilia lenga-lenga, na kuku walikuwa wakizunguka miguu yake. Sikuwahi kufikiri nitaona hivyo. Aliniona, akataka kuingia ndani. Nikamshika mkono, mimi niliyemwogopa hata kuazima kalamu.

"Mama, Patron aliweka mswaki."

Akafunga macho. "Nambari ya sirop?"

"Ndani ya disketi zako. Za kabla."

Akaingia, akarudi na bati la biskuti. Disketi zote zilikuwemo, zimepangwa, kavu, zimefungwa kitambaa. Alikuwa akizigeuza na kuzipangusa wiki zote hizo, huku hataki kuniona.

"Twende wote," nikasema. "Pirogue iko inangoja."

"Siendi."

"Mama!"

"Nikienda, mashine ikapona, watasema nini? Watasema nimekuja kuondoa ulozi wangu. Nitakuwa nimekubali kwa mikono yangu mwenyewe." Akapangusa udongo viganjani. "Na kuna yule mama. Nilikodisha viti juu ya chuma, na mutoto yake alizikwa bila kiti. Sina uso wa kupita mbele ya duka lake."

Hapo nikaelewa kwamba hajui. Miezi yote hii, katika mji ambao kila kikohozi kinavuka mto, hakuna aliyemwambia!

"Mama, yule muuza vitenge alinunua mashine mpya."

"Nini?"

"Wiki ileile ya matanga aliniita. Akasema, 'Nieleze yale maneno ya Directrice, polepole.' Nikamweleza. Ameziweka mbili bega kwa bega, kama mke mkubwa na mke mdogo. Disketi ya mtaa haiingii kwake. Ni yeye peke yake hakuanguka. Watu wakimuambia wewe ni ndoki, anasema, 'Huyo aliniuliza jina la mutoto yangu. Ninyi hamkuuliza.'"

Mama Directrice alikaa chini, pale pale katikati ya mboga. Alivua miwani akaishika. Kuku mmoja akapanda juu ya goti lake, naye hakumwona. Alipoongea, sauti ilikuwa ile ya darasani.

"Usitumie mashine ya Patron. Omba ya yule mama. Disketi ya kwanza ndiyo ya kufungua, zingine zitafuata. Onyesha kucha."

Nikaonyesha.

"Nenda."

Mama wa vitenge hakuuliza swali. Alitoa mashine yake mpya, akambebesha mpagazi, na mwenyewe akatembea nyuma akishika waya kama mkia wa nguo ya harusi. Disketi zikasaga moja baada ya nyingine. Nambari ikatokea. Tukafungua makatoni, tukasoma chupa kwa chupa, mbaya huku, nzuri kule, nesi naye amepiga magoti pamoja nasi. Akaondoka na sirop njema na mto bado una mwanga.

Na Patron? Patron alimshukuru pasta. Mbele yangu! Pasta alikuwa amefika mchana, akaiwekea mikono mashine ya zamani, akaondoka. "Mungu ni mukubwa," Patron akasema, "alitutumia mashine ingine." Nikasema, "Patron, ni mpango wa Mama Directrice." Akashusha sauti: "Ma fille, usitaje lile jina hapa ndani." Mama wa vitenge akamtazama mpaka Patron akageuka kuhesabu makatoni yaliyokwisha kuhesabiwa. Mtu aliyepiga meza kwa ajili ya watoto wa Yahuma, kutaja jina moja kulimshinda. Bado ninafanya kazi kwake. Bado namtaja.

Mashine ya zamani ilibaki pembeni, inawaka. Hakuna aliyetaka kuigusa. Wapagazi walipita mbali nayo, na mmoja alishauri itupwe mtoni pamoja na meza. Basi mchana wa siku iliyofuata, wote walipokwenda kula, nilibaki. Nikavuta kiti. Kioo kilikuwa na nyayo zake za jogoo, lakini chini yake kazi zilikuwa bado wazi. Nikazifunga moja moja. Nikangoja. Ilichukua muda, nikadhani imesahau, kisha yale maneno yakaja, kwamba sasa inaweza kuzimwa.

Nikaweka kidole. Feni ikateremsha pumzi yake, polepole, ikagonga kitu ndani, tk, tk. Nilikaa mpaka sikusikia kitu tena.

"Asante," nikasema. "Pumzika."